Mikono ya Mama Ange na Kadi ya Bima

Siku Esperance alipomwomba risiti, Mama Ange alidhani amesikia vibaya. Alikuwa amepiga magoti mkekani, sebuleni kwa Mwalimu Tharsisi, mikono imelowa mafuta meusi ya mbegu za mchikichi, anamkanda mzee yule mguu wa kushoto ambao ulikuwa umeacha kumtii tangu kiharusi kilipompiga.

"Risiti ya nini, mwanangu?"

"Ya kukanda," Esperance akajibu. Yeye ndiye binti wa mwisho wa Mwalimu, anauza vitenge sokoni Kibondo, na tangu baba yake augue alikuwa akifunga meza yake mapema kila siku ili awahi nyumbani. "Risiti yenye muhuri. Baba ana kadi ya bima ya serikali, ile ya wastaafu. Hospitali hatukutoa kitu. Kitanda, vipimo, dawa, vyote kadi ilibeba. Nikawaza, wewe ndiye unayemsaidia kuliko wote. Kwa nini kadi isikulipe na wewe?"

Mama Ange akacheka mpaka mafuta yakamchirizika kwenye kiwiko. "Muhuri wangu mimi ni huu hapa," akasema, akainua kiganja.

Lakini Mwalimu Tharsisi hakucheka. Ulimi wake ulikuwa bado mzito na alikuwa akiyachagua maneno kama mtu anayechagua mbegu. Akamtazama Mama Ange, akasema neno moja tu.

"Kaulize."

Mwalimu alikuwa amefundisha miaka thelathini na minne, na nusu ya mji ule ilikuwa imepita mikononi mwake. Alipomwambia mtu aende akaulize, mtu alikwenda. Mama Ange naye, ingawa hakuwahi kukaa kwenye dawati lake, aliondoka pale akijua kwamba kesho yake ana safari ya ofisini.

Jina lake kamili ni Rosa Ndayikunda. Wazazi wake walivuka kutoka Burundi mwaka wa sabini na mbili, mama yake akiwa na mimba ya miezi saba, na yeye akazaliwa katika kijiji kimoja cha Kasulu, ndani ya nyumba ambayo haikuwa na mlango bado. Alikulia huko, akalima huko, na karatasi za uraia alizipata akiwa tayari ana watoto watatu. Alizitia kwenye mfuko wa nailoni, akazifungia sandukuni pamoja na kitenge chake cha harusi. Ndoa ndiyo iliyomleta Kibondo, kwa Havyarimana mfuga nyuki, mtu mpole wa maneno machache.

Kukanda alifundishwa na mama mkwe wake. Yule bibi alikuwa na masharti mawili. La kwanza, usikande usichokijua. Kikiwa kimevimba na kuchemka, kiache, mpeleke mtu hospitali. La pili, mikono ifanye kazi na mdomo unyamaze. Hakuna kutemea mate, hakuna kunuiza, hakuna kufunga kitu kiunoni mwa mtu. "Sisi tunanyoosha misuli," alikuwa akisema, "hatunyooshi bahati." Rosa alikuwa ameyashika masharti yale kwa miaka thelathini. Wakulima walioumia mgongo wakati wa kupalilia, wanawake waliojifungua, vijana walioteguka miguu mpirani, wote waliijua njia ya kwenda kwake, wakaja na walichokuwa nacho: kuku, debe la maharage, au asante peke yake.

Mwalimu alipougua, mvua za mwaka jana, hospitali ilimwokoa. Alipotolewa aliambiwa arudi mara mbili kwa wiki kwa ajili ya mazoezi. Alikwenda mara mbili. Safari ya pili, bajaji ikipanda kilima, mzee aliteleza kwenye kiti akaangukia miguuni mwa binti yake, na hakuwa na nguvu ya kujiinua wala ya kusema ameumia wapi. Esperance alilia njia nzima. Hawakurudi tena. Badala yake wakamwita Mama Ange.

Basi asubuhi ile alivaa kitenge kizuri, akazitoa karatasi zake sandukuni, akaenda kwenye ofisi ya afya ya wilaya. Akaelekezwa kwa mratibu wa tiba asili, Bwana Mansuri, mtu mnene, mcheshi, aliyekuwa na chupa ya chai pembeni ya mafaili.

"Bwakeye," Mama Ange akasalimia Kirundi kwa mazoea, kisha akajirekebisha. "Habari za asubuhi, bwana."

"Ego, bwakeye, mama yangu! Kaa. Umesajiliwa?"

Mama Ange akatoa mfuko wa nailoni, akamkabidhi kwa mikono miwili. Mansuri akazisoma zile karatasi mpaka mwisho, kwa heshima, kisha akamrudishia.

"Huu ni uraia, mama. Hongera. Mimi nauliza usajili wa Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala. Mtu anayetibu watu kwa mitishamba au kwa mikono anatakiwa asajiliwe."

"Nikisajiliwa, bima itanilipa?"

Mansuri akamimina chai, akamsogezea kikombe. "Nisikudanganye. Hapana. Bima inalipa kituo kilichowekeana nayo mkataba, tena kwa huduma iliyomo kwenye orodha yake. Kukanda nyumbani kwa mtu hakumo. Wako waliokuja hapa wakiwa wameambiwa kinyume na hivyo, nikawaonea huruma. Usajili utakupa kitu kingine. Serikali itakujua, nami nitaweza kukutetea ukisumbuliwa."

"Na yule wa hospitali anayewanyoosha watu, bima inamlipa?"

"Fiziotherapia? Hiyo imo."

"Anafanya nini ambacho mimi sikifanyi?"

Mansuri akaweka kikombe chini. Akamtazama, akatazama dirishani. "Unajua, sijawahi kuulizwa hivyo. Nenda kamwulize mwenyewe. Anaitwa Twalibu. Kijana mzuri." Kisha akafungua droo, akatoa fomu. "Na hii uchukue. Ujaze taratibu."

Mama Ange alisoma mstari wa juu na hakwenda wa pili. Palikuwa pameandikwa neno *mganga*. Akaikunja fomu ile mara nne, akaiweka chini kabisa ya mkoba, kana kwamba watu barabarani wangeiona kupitia kitambaa.

Jioni alimkuta Havyarimana uani anachonga mzinga mpya. Akamweleza yote. Mumewe akasikiliza huku akipuliza vumbi la mbao.

"Mimi ni mwanakwaya," Mama Ange akasema. "Miaka ishirini na sita. Leo nitie sahihi kwamba ni mganga? Watasema nini wale wenzangu wa sauti ya pili?"

"Nyuki hawasomi mzinga umeandikwa nini," Havyarimana akasema. "Wakipapenda, wanaingia."

"Wewe na nyuki wako!"

Lakini usiku huo alilala na neno lile, na Jumapili, ibada ilipokwisha, alimngoja mchungaji nyuma ya kanisa, akaikunjua fomu. Mchungaji alikuwa mteja wake. Kiuno chake kilikuwa kikimsumbua kila msimu wa kupanda. Aliisoma fomu kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Rosa, unapokanda, unapiga ramli?"

"Mana yanje, Mungu wangu! Hapana, mchungaji. Unanijua."

"Nakujua. Sasa nikuulize. Yule daktari mkubwa wa wilaya, aliyekuja kutufundisha habari za chanjo, cheo chake kinaitwaje?"

Mama Ange akafikiri. "Mganga Mkuu wa Wilaya."

"Mganga Mkuu. Na alikaa kiti cha mbele hapa kanisani, tukampigia makofi, akaombewa. Mbona hatukumtenga?" Akamrudishia fomu. "Neno ni la watu wote, wazuri na wabaya. Wewe hapo chini, penye aina ya huduma, andika unachokifanya. Andika kwa herufi kubwa, asome na kipofu."

Mama Ange akaandika: KUKANDA NA KUNYOOSHA VIUNGO. Kisha, kwa sababu nafasi ilikuwa imebaki, akaongeza: KWA MIKONO TU. Fomu ikarudi kwa Mansuri, ikaenda ilikokwenda.

Kumwendea Twalibu kulikuwa kugumu zaidi. Aliahirisha wiki nzima. Alikuwa amesikia watu wakisema kwamba wataalamu wa hospitali hupenda kuwakaripia watu kama yeye mbele ya wagonjwa. Lakini Mwalimu alikuwa ameshamwambia Esperance akodi gari dogo la jirani, na siku ikapangwa. Wakamkalisha mzee kiti cha nyuma kwa mito mitatu, Mama Ange akambana upande mmoja na binti yake upande wa pili, wakateremka mpaka hospitali.

Chumba cha mazoezi kilikuwa na kitanda kirefu, vyuma viwili vya kushikilia vilivyosimikwa sambamba, na kioo ukutani. Twalibu alikuwa kijana mwembamba kutoka Pangani, mwenye Kiswahili kinachoteleza kama mafuta.

"Shikamoo, mama. Shikamoo, mzee wangu. Karibuni sana. Nilidhani mmenisusa."

"Marahaba," akajibu Mama Ange, akasimama karibu na mlango.

Twalibu akakichukua kiganja cha kushoto cha Mwalimu, akavikunjua vidole kimoja kimoja. Akavirudia tena. "Hivi vidole vimeshughulikiwa na nani? Mgonjwa akikaa miezi hii yote bila mazoezi, ngumi inajifunga kama kokwa. Hii imefunguka."

Esperance akamwonyesha kwa kidevu. Mama Ange akaangalia sakafu, lakini moyo ulimpanda.

Kisha Twalibu akafika begani. Akaligusa kwa ncha za vidole. Akaligusa tena. "Bega hili limevutwa," akasema.

Mama Ange angeweza kunyamaza; hakuna aliyemuuliza. Esperance mwenyewe hakujua chochote kuhusu bega. Lakini alisogea kutoka mlangoni, akaja mpaka kitandani.

"Nimelivuta mimi. Kila siku. Nilifikiri mkono umelala, nikawa nauamsha."

Twalibu hakumkaripia. Akavuta stuli, akamkalisha. "Sikiliza, mama. Kiharusi kikimpiga mtu, misuli inayoshika mfupa wa bega inalegea. Ni kama mlango ambao bawaba zake zimelegea misumari. Ukiuvuta mlango huo, haufunguki. Unang'oka. Ndiyo maana usiku analalamika maumivu, sivyo?"

"Analalamika," Esperance akasema kwa sauti ndogo.

Mama Ange alihisi uso unamwaka. Miaka thelathini, na hajawahi kuambiwa kwamba mkono wake umemwongezea mtu maumivu. Akamwinamia Mwalimu. "Nisamehe, Mwalimu. Sikujua."

Mwalimu akakusanya maneno yake. "Asiye... jua," akasema, akapumzika, "hufundishwa." Na mkono wake mzima ukampiga Mama Ange kofi jepesi kwenye mgongo wa kiganja, kama anavyopigwa mwanafunzi aliyekosea hesabu moja kati ya kumi.

Basi akafundishwa. Twalibu akamwonyesha namna ya kuubeba mkono uliolegea kutoka chini, kiganja kwenye kiwiko, bila kuuvuta hata kidogo. Namna ya kuweka mto chini yake mgonjwa akikaa. Namna ya kumgeuza mtu mzito bila kumshika kwapani. Mama Ange akarudia kila jambo mara tatu. Walipofika kwenye mguu, ikawa zamu yake. Kisigino cha Mwalimu kilikuwa kimekataa kukanyaga chini. Kila Twalibu alipokisukuma, kigimbi kilikakamaa.

"Unamwendea kwa baridi," Mama Ange akasema. "Una maji ya moto?"

Maji yakaletwa kwenye beseni. Akachovya taulo, akalikamua, akakizungushia kigimbi, akasubiri bila haraka, akapaka mafuta yake, akaanza kuteremka na dole gumba kutoka gotini mpaka kwenye mshipa wa kisigino, polepole, bila kukatiza. Baada ya muda akamwambia Twalibu, "Sasa sukuma." Twalibu akasukuma, na unyayo wa Mwalimu ukalala sakafuni wote, kisigino na vidole.

"Chuoni walituambia tutangulize joto," Twalibu akasema. "Ila hawakutuambia tusubiri kiasi hiki." Wakacheka wote wawili.

Siku ile wakakubaliana hivi. Mwalimu angekuja hospitali mara moja kwa wiki, na tiba hiyo kadi yake ingeilipia kama ilivyo haki yake. Siku nyingine Mama Ange angemfanyisha mazoezi yaleyale nyumbani, akifuata karatasi ambayo Twalibu alimchorea kwa kalamu, watu wa vijiti wakiinua mikono na miguu. Hakulipwa na bima. Esperance aliendelea kumtendea kwa namna yake, na kila mara kitenge kizuri kilipoingia sokoni, kipande chake kiliwekwa kando kabla hakijatundikwa.

Wiki ya nne Twalibu aliona jambo jingine. Mama Ange alikuwa kila baada ya dakika chache anakung'uta mkono wa kulia, kama mtu aliyemwagikiwa maji.

"Dole gumba linakuuma tangu lini?"

"Ah, hilo ni la zamani. Ni la kazi."

"Mama, una bima?"

Alikuwa nayo. Yeye na Havyarimana walijiunga na ile ya kaya, mwandikishaji alipopita mtaani, na tangu siku hiyo kadi ilikuwa imekaa sandukuni ikifanya urafiki na karatasi za uraia. Twalibu akamwambia aje nayo kesho yake, aonwe na daktari kwanza, kisha arudi kwake akiwa mgonjwa.

Akaja. Akakaa upande wa kitanda ambao hajawahi kuukalia. Twalibu akakichukua kiganja chake cha kulia, akakilaza juu ya taulo la moto, akaanza kukikanda: mzizi wa dole gumba, kifundo cha mkono, nafasi zilizo kati ya mifupa. Mwanzoni Mama Ange alikuwa akimkagua kama fundi anavyomkagua fundi mwenzake. Anakwenda haraka hapo, akajisemea. Hapo vizuri. Kisha akaacha kukagua. Alikuwa amekanda watu wasiohesabika, na akajaribu kukumbuka nani aliwahi kumkanda yeye. Alimkumbuka mama mkwe wake, baada ya Ange kuzaliwa. Ange sasa ana mume na watoto wawili Kasulu. Machozi yakamtoka, akayaacha yateremke, kwa kuwa mkono wa kufutia ulikuwa umeshikwa.

"Nimekuumiza, mama?"

"La. Endelea tu, mwanangu."

Akafungwa kitambaa kigumu kifundoni, akaambiwa asikande wiki tatu, na akirudi kazini atumie kiwiko na uzito wa mwili badala ya kulitesa dole gumba. Wiki tatu hizo Havyarimana alipika. Ugali wake wa muhogo ulikuwa na madonge, na Mama Ange aliula bila kusema lolote, akiwa ameegemea ukuta kivulini, jambo ambalo jirani zake walikuja kulishuhudia kwa zamu.

Msimu wa maharage ulipokwisha, uliitishwa mkutano kwenye uwanja wa shule ya msingi. Afisa wa bima alikuwa amekuja, mwanamke mrefu mwenye miwani, kuwaeleza watu habari za bima ya afya kwa wote. Alizungumza vizuri. Watu waliuliza kuhusu wazazi, kuhusu watoto wa ndugu, kuhusu kadi iliyoliwa na panya. Kisha Mama Ange akasimama, mkono wake ukiwa umeshapona.

"Jina langu Rosa Ndayikunda. Nakanda na kunyoosha viungo. Nimeomba usajili, nangoja. Nauliza, je, itafika siku kadi hii ikamlipia mgonjwa tiba ya mikono ya mtu kama mimi? Siulizi kwa ugomvi. Naomba tu kujua."

Pakawa na minong'ono. Mtu mmoja nyuma akasema kwa sauti, "Na waganga wa mizizi je?" Watu wakacheka. Yule afisa akangoja kicheko kiishe.

"Mama, sitakuahidi nisichokuwa nacho. Leo haimo. Bima inalipa fedha za watu wote, kwa hiyo inataka kujua vitu vitatu: nani ametibu, ametibu nini, na mgonjwa amepataje nafuu. Ninyi mnatibu, lakini hamuandiki. Mgonjwa akipona, amepona, hakuna karatasi. Nikienda huko juu na maneno matupu, nitarudi nayo matupu."

Lilikuwa jibu la kweli, na Mama Ange alikuwa anataka kukaa. Ndipo alipoona watu wa safu ya mbele wamegeuka. Mwalimu Tharsisi, aliyekuwa ameletwa na binti yake na kukalishwa kwenye kiti chini ya paa la darasa, alikuwa ameshika mkongojo wake. Esperance akanyoosha mkono amsaidie. Akamkataza kwa kichwa. Akasogeza makalio mbele ya kiti kama alivyofundishwa, akaiweka miguu sawa, akainama, akasimama. Wengi pale uwanjani hawakuwa wamemwona amesimama tangu mvua za mwaka jana.

"Hospitali," akasema Mwalimu, na kila neno lilichukua muda wake, "na huyu. Pamoja." Akamnyooshea kidole yule afisa, kidole kilekile kilichowatetemesha watoto kwa miaka thelathini na minne. "Andika."

Afisa akafungua daftari lake. Akaandika, na watu wakamwona akiandika. Kisha akauliza jina la mzee linaandikwaje, na Mwalimu akamtajia herufi moja baada ya nyingine, mpaka ya mwisho, bila kukosea. Makofi yakalipuka hata mbuzi waliokuwa wakila majani nyuma ya vyoo wakakimbia.

Cheti cha Mama Ange kilifika miezi michache baadaye. Mansuri alimpelekea mwenyewe nyumbani, akala asali, akakataa chai. Mumewe alikitengenezea fremu ya mbao, kubwa kidogo kuliko ilivyohitajika, kikatundikwa sebuleni. Bima bado haijamlipa hata leo, na hajui kama italipa akiwa hai. Lakini alinunua daftari. Kila anayemkanda anamwandika: jina, alikuja na nini, alimfanyia nini, ameondokaje. Mwandiko wake mkubwa unamaliza kurasa haraka, na tayari yuko kwenye daftari la pili. Wale wanaokuja na uvimbe unaochemka anawaandika pia, na mbele ya majina yao anaandika *hospitali*, kisha anawauliza kama wana kadi.

Na Alhamisi anakwenda kwa Twalibu. Kijana yule aliwaomba wakubwa zake, wakakubali: siku hiyo ndugu za wagonjwa huja kwenye chumba cha mazoezi, na Mama Ange, chini ya macho ya Twalibu, anawafundisha namna ya kumshika mtu wao, kumgeuza, kumkalisha, kumkanda bila kumvuta. Anawafundisha kwa Kiswahili, na kisipowafaa, kwa Kiha.

Alhamisi iliyopita alikuja mkulima kutoka Nyabibuye, mkewe amelala kitandani, upande mmoja umepooza, hajazungumza kitu tangu wafike. Mwanamume yule alikuwa akiogopa kumgusa. Mama Ange akamwekea mikono yake mahali panapotakiwa, mmoja begani, mmoja nyongani, akamwambia apumue kwanza. Yule mkulima akamgeuza. Mkewe akatoa sauti. Mume akaruka nyuma, akidhani amemuumiza, lakini mwanamke alikuwa anacheka, mdomo umepinda upande mmoja, na akatamka maneno mawili kwa Kiha.

"Anasemaje?" Twalibu akauliza.

Yule mwanamume akainamisha kichwa, aibu na furaha vimemjaa usoni. "Anasema nina mikono mizito kama jembe."

"Haya basi," Mama Ange akamwambia, "sasa mgeuze upande wa pili."